Aliyeandika Kwamba Nilichelewa

"Mama, kwa nini mlikaa nyumbani mpaka mguu ukafika hivi?"

Daktari wa upasuaji aliniuliza hivyo mkasi ukiwa bado mkononi, bandeji imeshakatwa, yeye amerudi hatua moja nyuma. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, lakini macho yake yalikunjamana kwa harufu. Hakunifokea. Aliuliza kwa upole, na ule upole uliniuma zaidi ya mkasi. Maana mimi nilikuwa nimelala nyuma ya jengo lake siku tatu nzima. Kutoka kitandani kwangu nilikuwa naona mabati ya paa lake. Mtu wa miguu miwili, akitembea bila haraka, anafika mlangoni kwake kabla hajamaliza kusali Salamu Maria tano.

"Sikukaa nyumbani," nilimwambia. "Nilikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapo nyuma. Kwenu."

Akamtazama nesi. Nesi akatazama sakafu. Daktari akavuta kiti, akakaa upande wa kichwa changu, mbali na mguu, akaniambia mguu ule haubaki. Wakiuacha, utanichukua na mimi. Nikaletewa karatasi niweke sahihi. Darasa la nne ndipo nilipoishia, kwa hiyo niliandika jina langu herufi moja moja, na wote wawili wakasimama wakisubiri nimalize kuandika kwamba nimekubali kukatwa.

Mguu wa kulia, juu ya goti.

Miaka kadhaa imepita. Watu huku kwetu wameshausahau ule ugonjwa. Zile ndoo zenye koki tulizonawia mikono sasa zinauziwa pombe ya mbege. Mimi sijasahau, kwa sababu kila asubuhi nikishusha miguu kitandani unashuka mmoja. Kusimulia kwa mdomo nimechoka. Watu wanasikiliza nusu, halafu wanasema, pole mama, ndiyo mipango ya Mungu. Mungu hakuwepo kwenye geti la hospitali. Walikuwepo watu, na nitamtaja kila mmoja kwa kazi yake. Majina nayaacha. Wenyewe watajijua.

Kwetu ni Kilema, juu mlimani, kwenye kahawa na migomba. Toka mume wangu afariki niliishi kwa ng'ombe wawili wa maziwa, na ng'ombe anayefungwa bandani anakula kwa miguu ya mwenye nyumba. Kila siku nilishuka bondeni, nikakata majani, nikafunga mzigo, nikaupandisha kichwani mpaka nyumbani, utelezi au jua. Mwanamke wa huku ukimuuliza mali yake atakutajia migomba, atakutajia ng'ombe. Miguu hatakutajia, mpaka aikose. Mimi nilikuwa nayo mizuri. Wanawake wa bondeni walinitania kwamba nilinyonya maziwa ya mbuzi, kwa nilivyokuwa napanda.

Masika ya mwaka ule wa ugonjwa yalikolea kweli. Nchi yetu haikufungwa. Redioni tulisikia nchi za wenzetu watu hawatoki hata mlangoni, huku kwetu soko liliendelea na misa iliendelea. Lakini shule zilifungwa, na wageni wa mlima wakaacha kuja, na ndiyo sababu shemeji yangu akawa nyumbani. Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Kazi yake ilikuwa mpishi wa mlimani, anapanda na wageni siku sita, anawapikia kwenye hema, anashuka, anapumzika siku mbili, anapanda tena. Safari zikakatika. Akarudi na masufuria yake, akakaa barazani wiki ya kwanza, wiki ya pili, halafu mikono ikaanza kumwasha. Akageukia vihamba. Kihamba ni shamba la ukoo lililozunguka nyumba, na changu kimepakana na chake. Akaona mringaringa wangu umefunga kivuli juu ya kahawa.

"Shemeji, huu mti unaua kahawa ya marehemu."

"Tangu lini ukajua kahawa? Wewe si wa supu?"

"Aisee, dharau hiyo. Lete panga."

Akapanda. Mimi nikabaki chini kukusanya matawi, kwa sababu majani ya mringaringa ng'ombe wanayapenda. Aliniambia nisogee. Nasema ukweli wote: aliniambia. Nikasogea, halafu nikarudi kuchukua kitawi kimoja kilichobaki, na hapo likashuka lile tawi kubwa. Maumivu sikuyasikia kwanza. Nilisikia mlio kama mtu kavunja muwa. Nikatazama, nikaona mfupa wangu umetoka nje ya ngozi, mweupe, safi kabisa, kama si wangu.

Mpaka hapo simdai mtu. Matawi huanguka.

Walinifunga mguu kwa magamba ya mgomba na kanga zangu mbili, wakanilaza juu ya ngazi ya kuchumia maparachichi, wakanibeba mpaka zahanati. Nesi wa pale namtaja kwa wema. Alinimwagia chupa mbili za maji ya dripu kwenye kidonda, akanichoma sindano, akaandika karatasi, na akaisoma kwa sauti ili shemeji asikie.

"Mfupa ukishaona hewa unaoshwa siku hiyo hiyo. Chumba cha upasuaji, leo. Kesho ni mbali. Nimeandika na saa aliyofika hapa, saa tano kasoro dakika kumi. Mkifika mjini waonyesheni hiyo saa. Na msipite mahali."

Tulipita mahali.

Jirani mmoja alikuwa na pikapu ya kupelekea ndizi sokoni. Nikalazwa nyuma juu ya majani makavu ya migomba, nikafunikwa turubai kwa sababu ya mvua, shemeji akakaa na mimi ameushika mguu kwa mikono miwili. Sasa, mimi nilikuwa na kikohozi. Kikohozi cha masika, kile cha kila mwaka, huku juu kuna baridi na ukungu na kila nyumba ina mtu anayekohoa. Mwaka mwingine usingekisikia. Lakini mwaka ule mtu akikohoa kanisani benchi zima linasogea. Na habari zilizotufikia zilikuwa kwamba ukifika hospitali unakohoa hutibiwi kilichokuleta, unapelekwa kule kwa wagonjwa wa kifua, na ukifa huko unazikwa na watu waliovaa meupe, ndugu zako wamesimama barabarani. Kwa watu wa kwetu kufa ni kitu kimoja. Kuzikwa nje ya kihamba chako, mahali ambapo hakuna mtu wako, ni kitu kingine, na hicho ndicho tulichokiogopa zaidi.

"Shemeji, ukikohoa pale getini tumekupoteza," alisema.

"Nifanyeje? Nikishike kwa mkono?"

"Tutakufukiza kwanza. Kwa mdogo wako, Majengo. Ni njiani."

Na mimi nilikubali. Hilo nalo liandikwe. Nilikuwa na akili zangu zote, mfupa nje, nikasema haya, twende.

Mdogo wangu wa kike alipanga chumba Majengo, mjini, kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, karibu na mafundi wa majiko ya mkaa. Tulipofika sufuria ilikuwa tayari inachemka. Siku zile kila nyumba ilikuwa nayo, majani ya mkaratusi na mlimao na tangawizi, inawekwa jikoni kama chai. Kunishusha haikuwezekana kwa sababu ya mguu, basi wakaipandisha sufuria kwenye pikapu, wakaiweka karibu na kifua changu, wakanifunika blanketi mbili, na turubai juu yake. Nje nilisikia nyundo ya fundi inasimama.

"Mangi," fundi alimwita shemeji, kama watu wa mjini wanavyotuita sisi wa mlimani, "huyo mnampeleka hospitali au mnamchemsha?"

"Wewe gonga mabati yako."

"Nauliza tu. Nyama ya mfupa inataka masaa mawili."

"Dakika ishirini," shemeji alisema, na nilijua kwa sauti yake kwamba amefurahi kidogo kupata kazi yake tena. "Nimepikia Wazungu juu ya mawingu, maji yenyewe kule hayataki kuchemka. Nishindwe na mvuke wa Majengo?"

Ndani ya turubai ilikuwa giza na moto, jasho linaniingia kwenye kidonda, natapatapa. Dakika ishirini alizihesabu zote, kwa saa yake ya mlimani. Wakanifunua, wakanifuta uso, wakanizungushia blanketi kavu ili upepo usinipige baada ya mvuke. Na kikohozi kweli kilikuwa kimeisha. Hilo ndilo linalonifanya nicheke mwenyewe jikoni mpaka leo. Kilikuwa kimeisha kabisa.

Hospitali haikuwa mbali kutoka pale. Siitaji ni ipi. Geti lilikuwa limefungwa, mlinzi amesimama mbele yake na kile kipimajoto cha kuelekeza usoni kama bastola. Akampima dereva, akampima shemeji, akampima mdogo wangu. Wote sawa. Akaja kwangu. Kibastola kikalia.

"Huyu anachemka."

"Ametoka kufukizwa sasa hivi," mdogo wangu akasema. "Subiri apoe kidogo, upime tena."

"Amefukizwa kwa nini, kama haumwi?"

Nimelifikiria hilo swali miaka yote hii na sijapata jibu ambalo mlinzi angelikubali.

"Ni tahadhari tu, kaka," shemeji akasema. "Si kila mtu anajifukiza?"

"Alikuwa anakohoa?"

Mdogo wangu hajui kudanganya, toka mtoto. "Kidogo," akasema. "Cha masika."

"Basi."

Shemeji akafunua blanketi amwonyeshe mguu. Mlinzi akageuza uso. Mimi nikatoa karatasi ya nesi, nikainyoosha mkono mzima. "Soma saa, baba. Hapo juu, soma saa."

"Mama, mimi sisomi karatasi. Mimi nasoma namba."

Wakaja wawili waliovaa meupe kichwani mpaka miguuni, na kitanda cha magurudumu. Ndugu hawaingii, walisema. Nikasukumwa ndani, karatasi bado iko mkononi mwangu, na nilipogeuza shingo niliona shemeji amesimama nje ya geti ameshika kifuniko cha sufuria. Sijui kwa nini alikuwa amekibeba.

Huko nyuma palikuwa bohari zamani. Vitanda saba, wagonjwa wawili tu na mimi wa tatu: mwanamume mmoja aliyegeukia ukutani, na bibi mmoja wa Shirimatunda ambaye pumzi yake ulikuwa unaisikia kutoka mlangoni. Daktari wa pale alikuwa kijana, nilimjua kwa sauti, uso sikuuona hata siku moja. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma.

"Kifua chako ni safi, mama."

"Basi nitoe."

"Siwezi mpaka majibu ya kipimo yatoke. Kipimo kimepelekwa mbali."

"Na mguu?"

"Mimi niko huku kwa kifua. Mguu nimewaandikia watu wa upasuaji. Ila wao hawaingii huku. Mavazi ya kujikinga hayatoshi, na wakiugua wao hakuna wa kumpasua mtu mwingine."

Nilimwelewa. Ubaya wake ndio huo, kila mmoja wao nilimwelewa. Mlinzi ana namba yake. Daktari wa kifua ana kifua chake. Wa upasuaji wanajitunza ili wabaki wa kupasua. Ukizunguka wote hukuti mtu mbaya, ila mguu unaoza.

Aliubadilishia kitambaa, akanichoma sindano za kuzuia usaha. Jioni ya siku ile ile nesi akaja kunipima joto. Sikuwa nalo. Nikamwambia, si unaona? Ilikuwa sufuria. Akasema, joto la ugonjwa huu hupanda na kushuka, akaandika, akaondoka. Siku ya pili likapanda kweli, na safari hii lilitoka mguuni. Wakaliandika na hilo. Kila kitu mguu wangu ulichofanya waliandika kwenye hesabu ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Bibi wa Shirimatunda ndiye aliyeniangalia. Alikuwa anaongea kidogo kidogo, maneno matatu, anapumzika, maneno matatu.

"Wewe una mguu mbovu," aliniambia. "Mimi kifua kibovu. Wangetushona pamoja, wangepata mtu mmoja."

"Tungegombania kichwa, bibi."

"Kichwa chukua wewe. Changu kinasahau."

Alikuwa na upande wa kanga aliokuwa anaupunga kuwafukuza nzi kutoka kwenye mguu wangu, kutoka kitandani kwake, mkono mmoja nje ya shuka. Nzi walijua kabla yangu. Mimi nilianza kujua asubuhi ya siku ya tatu, vidole vilipokuwa vimebadilika rangi na nikivigusa ni kama navigusa vya mtu mwingine.

Mdogo wangu alikuja kila siku kwenye uzio wa nyuma, na chupa ya mtori, supu yetu ya ndizi, aliyompa mfagizi aniletee. Tulikuwa tunapigiana kelele, yeye upande wa barabara, mimi nimeinua kichwa kwenye dirisha.

"Dada! Wamekuosha?"

"Bado!"

"Wanasema nini?"

"Wanasema kifua kizuri!"

"Kifua! Dada, nani ameuliza kifua?"

Siku ya pili nilimsikia anabishana na mtu, analia, anasema jamani hata kumwaga maji tu, hata ndoo moja, mimi mwenyewe nipeni hayo mavazi nikamwoshe. Siku ya tatu alikaa tu pale chini ya uzio. Niliona kitambaa chake cha kichwa.

Bibi wa Shirimatunda alifariki siku hiyo ya tatu mchana, uji wake ukiwa bado una moto kwenye kikombe. Mkono wake ulibaki nje ya shuka na upande wa kanga. Nilimwita mara mbili. Halafu nikaita watu. Walichukua muda kuvaa.

Majibu yangu yalikuja alasiri ile ile. Sina ugonjwa. Daktari kijana aliniambia kama mtu anayekupa habari njema, hongera mama, huna. Wakanisukuma nikapita uani, nikaona jua, nikaingia kwenye lile jengo lenye mabati niliyokuwa nayatazama. Na hapo ndipo nilipoulizwa kwa nini nilikaa nyumbani.

Damu ya kuniongezea ilitoka kwa mdogo wangu na shemeji. Walipitishwa mlango wa pembeni, wakatolewa damu, wakatolewa nje. Damu iliruhusiwa kuingia, wenyewe hapana. Wodini nilikuta vitanda vimetenganishwa, nusu vitupu. Mama mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa amelala amening'iniziwa uzito mguuni wiki ya tatu, anangoja zamu, maana upasuaji unaoweza kungoja ulikuwa umesimamishwa na uliobaki ni ule wa kufa au kupona. Aliponiona nimerudi na kisiki kilichofungwa alisema, bora wewe wamekukumbuka.

Jumapili ya kwanza nilipokuwa nyumbani, shemeji alikuja na wazee wawili wa ukoo. Alisimama uani, akapiga magoti kwenye matope, mkononi ameshika jani la isale limefungwa fundo. Wa mbali hawajui isale. Ni mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya kihamba, na mtu aliyekukosea, hata kama ni kosa la damu, akikuletea jani lake hukatai. Ukikataa, kosa linahamia kwako. Lakini anayelileta ni lazima aseme kwa mdomo wake alichofanya.

"Nimekosa, shemeji," alisema. "Mti ni mimi. Sufuria ni mimi. Dakika ishirini ni mimi."

Nilimwacha kwenye matope muda mrefu. Wazee wakaanza kukohoa, mmoja akasema mama, mama, mvua. Nikalipokea. Na toka siku hiyo ni yeye anayeshuka bondeni kukata majani ya ng'ombe wangu, yule mmoja aliyebaki, anayapandisha kichwani kama mwanamke. Vijana wa kijiweni wanamcheka, mpishi wa Wazungu kawa mama majani. Anawajibu, chekeni, ng'ombe hasomi vyeti. Wageni wa mlima walirudi, akaitwa, akaenda safari moja, akaacha. Sijamuuliza sababu.

Mlinzi nilikutana naye Majengo, nimeenda kwa mdogo wangu na magongo yangu. Alikuwa amehama, analinda duka la vifaa vya ujenzi. Nikasimama mbele yake.

"Unanikumbuka?"

Alinitazama usoni, kisha akatazama chini, mahali ambapo mguu ungekuwa.

"Wa sufuria," akasema taratibu.

"Wa sufuria."

"Mama, walinipa namba moja tu. Ikizidi hiyo, nyuma. Mambo ya miguu hawakuniambia." Akavua kofia. "Nisamehe."

Nilimwambia nimesikia. Hakuwa na jani, na pale mjini angelitoa wapi. Lakini alisema kwa mdomo wake. Daktari wa kifua niliambiwa amehamishwa mkoa mwingine, na huyo naye, angalau bandeji alibadilisha.

Ningeishia hapo. Nilikuwa nimeshaishia hapo, kusema kweli. Kisha mwaka jana nikaambiwa kuna uwezekano wa mguu wa bandia, ila nipate barua kutoka hospitali iliyonikata. Nikashuka. Karani wa mafaili, binti mpole, shikamoo mama, karibu mama ukae, akalitafuta faili langu mpaka akalipata. Nikamwomba anisomee, maana mwandiko wa madaktari hata aliyesoma sana haupati.

Akasoma. "Mgonjwa alichelewa kuletwa hospitali kutokana na imani za kienyeji."

"Rudia."

Akarudia.

"Imeandikwa na nani?"

"Daktari wa upasuaji. Siku ya kukatwa."

"Hapo nyuma pameandikwa? Siku tatu?"

Akafunua, akafunua. Akaniambia kuna karatasi ya vipimo vya joto, haina jina la wodi. Kuna majibu ya kipimo. Kuna ya upasuaji.

"Na karatasi ya nesi wa zahanati? Yenye saa?"

"Hiyo haipo, mama."

Haipo kwa sababu ninayo mimi. Ninayo kwa sababu hakuna mkono ulioipokea. Imekunjwa mara nne, ina doa la damu kwenye pembe, na saa inasomeka.

"Mama, hayo yameshapita," binti alisema. "Cha muhimu ni barua ya mguu."

Barua alinipa. Na ndani ya barua, kwa kuwa aliinakili kutoka kwenye faili, yamo maneno yale yale. Kila ninakoipeleka wananisoma hivyo: mama wa Kilema aliyechelewa kwa imani zake. Juzi kijana mmoja wa ofisi ya miguu ya bandia ameisoma, akatikisa kichwa, akaniambia, mama, siku nyingine mkiumia msianze na mambo ya kienyeji. Nimemwitikia ndiyo. Nilikuwa nimesimama toka asubuhi.

Sasa nakuandikia wewe wa upasuaji, herufi moja moja. Wengine nimemalizana nao au nimewachoka. Wewe ndiye uliyeniuliza kwa upole, na mimi nilikujibu. Nilikuambia nilikuwa hapo nyuma. Ulimtazama nesi, ukamwona anatazama sakafu, ukaelewa, kwa sababu mtu asiyeelewa angeuliza tena. Halafu ukaandika vile. Labda uliogopa mkubwa wako. Labda ulikuwa umechoka, umekata watu wengi wiki ile waliokufikia wameshaoza. Sijui. Nimekuwekea sababu nyingi kuliko ulizoniwekea mimi.

Dakika ishirini za sufuria ni zetu. Tumezikiri, tumezipigia magoti kwenye matope, zimeisha. Siku tatu ni za nani?

Mimi nipo Kilema. Uliza kwenye barabara ya parokia nyumba yenye mringaringa uliokatwa upande mmoja, utaonyeshwa. Jani usihangaike kulibeba, masale yamejaa mpakani kwangu, utachuma hapo hapo. Njoo na faili. Mimi nitatoa karatasi ya nesi, tuziweke mezani, uzisome zote mbili kwa sauti mbele ya mdogo wangu aliyekaa chini ya uzio wenu. Halafu unijibu mbele yake: toka saa ile aliyoandika nesi mpaka ulipokata bandeji, kwa maandishi yako wewe, mimi nilikuwa wapi?